Kifaranga wa kijivu si lazima awe jike: jinsia na rangi kwa kuku wa Ameraucana

"Shikamoo mwalimu. Nafuga Ameraucana: jogoo mmoja wa buluu, matetea wawili weusi, wawili wa buluu na mmoja wa lavenda, wote banda moja. Nimetotolesha vifaranga 14: saba weusi, watano wa kijivu, wawili weupe wenye vidoa vya kijivu. Niliambiwa niangalie mabawa siku ya pili, kwamba wenye manyoya marefu ni majike. Walikuwa tisa, nikawafunga uzi mwekundu mguuni. Mwingine akanihakikishia kuwa wa kijivu ndio majike, na weusi wenye weupe tumboni ni madume. Sasa wana wiki tano, na wawili kati ya wale wa uzi mwekundu, mmoja wa kijivu na mmoja mweupe mwenye vidoa, upanga wao umeanza kuwa mwekundu kuliko wa wenzao. Mimi nilitaka kubaki na majike tu, na kundi lote liwe la buluu. Je, hao wawili niwatoe? Na mbona tetea wa lavenda hajanipa hata kifaranga mmoja wa lavenda?"

Marahaba, ndugu yangu. Kabla hatujagusa habari ya rangi, nenda bandani leo hii ukakate ule uzi. Mguu wa kifaranga wa siku mbili ni mwembamba kama njiti ya kiberiti. Akifika wiki tano mguu umenenepa, na uzi uko palepale. Unazama chini ya magamba ya ngozi hadi usiuone hata ukiwa umemshika mkononi, na mara nyingi mfugaji hushtuka mguu ukiwa tayari umevimba na vidole vimeanza kuwa vyeusi. Nimewahi kutoa uzi wa namna hiyo kwa kibano na mkasi mdogo wa kucha, kidogo kidogo, kuku amefungwa kitambaa machoni ili atulie. Alipona, lakini alichechemea maisha yake yote. Ukikuta uzi umezama, au mguu una uvimbe chini yake, usivute. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Kwa alama za baadaye tumia pete za plastiki zinazofunguka, na uzibadilishe kila zinapoanza kubana.

Sasa turudi kwenye swali lako. Umepewa kanuni mbili, ya mabawa na ya rangi, na zote mbili zimekuangusha. Hukukosea kuangalia. Kanuni hizo ni za kweli mahali pengine, kwa kuku wengine waliopandishwa kwa mpango maalumu. Kwa kuku wako hazifanyi kazi, na ukielewa kwa nini, utaweza kuipima mwenyewe kila kanuni mpya utakayoletewa.

Kwa binadamu, mbegu ya baba ndiyo inayoamua mtoto awe wa kiume au wa kike. Kwa kuku ni kinyume: anayeamua ni mama. Jogoo ana kromosomu (nyuzi ndogo zinazobeba urithi) mbili za jinsia zinazofanana, zinazoitwa Z na Z. Tetea ana Z moja na W moja. Kila yai analotoa linabeba ama Z ama W, na hapo ndipo jinsia inapoamuliwa, kabla yai halijavikwa hata ganda. Ndiyo maana umbo la yai, liwe la duara au la kuchongoka, halikwambii kitu. Joto la mashine nalo haligeuzi jike kuwa dume. Likikosewa linaua viinitete, basi. Pete inayoning'inizwa kwa uzi juu ya yai na kusubiriwa izunguke, achana nayo kabisa.

Kutokana na mpangilio huo, pora, yaani dume changa, hupata Z moja kwa baba na moja kwa mama. Mtetea, yaani jike changa, hupata Z kwa baba yake peke yake. Mama humpa W. Kwa hiyo jeni (chembe ya urithi) yoyote iliyokaa kwenye Z hupita kwa njia ya pekee: kile alichonacho mama kwenye Z yake huenda kwa watoto wake wa kiume tu. Hapo ndipo mfugaji anaweza kupata tofauti ya macho kati ya madume na majike siku ya kwanza. Zipo jeni chache zinazojulikana sana zilizokaa hapo: ya milia, ya fedha na dhahabu, ya kuchelewesha kuota manyoya, na ile inayozuia weusi kwenye ngozi ya miguu.

Jeni ya buluu, ile inayowapa vifaranga wako rangi ya kijivu, haimo katika orodha hiyo. Imekaa kwenye kromosomu nyingine isiyohusiana na jinsia, na lavenda pia vivyo hivyo. Kwa hiyo kifaranga wako wa kijivu ana nafasi sawasawa ya kuwa dume au jike, na mweusi pia, na yule wa vidoa pia. Aliyekwambia wa kijivu ni majike huenda aliwahi kupata bahati katika utotoleshaji mmoja akaifanya kanuni. Vifaranga ni wachache, na bahati huonekana kama sheria. Chukua hao wako 14: uwezekano wa kupata madume tisa au zaidi kwa bahati tu ni karibu mara moja katika kila mara tano. Mtu akipata madume tisa, mengi yao meusi, ataapa kwamba weusi ni madume.

Na ule weupe tumboni? Kifaranga mweusi wa aina hii huzaliwa na weupe au umanjano tumboni, kwenye ncha za mabawa na mara nyingi usoni. Ndivyo jeni ya weusi mtupu inavyojionyesha kwenye vinyoya vya kwanza, kwa madume na majike. Huisha wakianza kuota manyoya halisi. Aliyekushauri amechanganya na doa jingine, lile la kichwani la vifaranga wa kuku wa milia. Ukimpandisha tetea wa Plymouth Rock wa milia na jogoo mweusi asiye na milia, mama atawapa jeni ya milia watoto wake wa kiume peke yao. Madume huanguliwa na doa jeupe utosini, majike huanguliwa na utosi mweusi. Hiyo ni kanuni ya kweli, na inategemea upande: ukigeuza, ukaweka jogoo wa milia na matetea weusi, vifaranga wote watapata milia na tofauti imepotea. Ameraucana haina milia, wala huna kuku wa milia bandani. Doa utakaloliona kwa kuku wako ni doa tu.

Nitaje hapohapo, kwa kuwa wengi huniuliza: ukitaka vifaranga unaowajua jinsia siku ya kuanguliwa na ambao bado watataga mayai ya rangi, hiyo njia ya matetea wa milia na jogoo mweusi wa Ameraucana ni nzuri. Majike watataga mayai ya kijani, kwa sababu watapata jeni ya yai la buluu kwa baba na rangi ya kahawia kwa mama, na rangi hizo mbili zikilaliana yai huwa kijani. Ila hao ni chotara. Usiwaite Ameraucana wala usiwarudishe kwenye kundi lako la uzao.

Kuhusu mabawa. Kifaranga wa siku moja au mbili ukimfungua bawa unaona safu mbili: manyoya makuu ya bawa, na yale mafupi yanayoyafunika kwa juu. Kuna kuku wa biashara ambao safu hizo zikitofautiana urefu ni majike, na zikilingana ni madume. Inawezekana kwa sababu mama zao walichaguliwa wabebe jeni ya kuchelewesha manyoya kwenye Z, na baba zao hawana. Mama anaipeleka kwa watoto wa kiume, majike wanabaki na mwendo wa haraka wa baba. Bila mpango huo, urefu wa manyoya ya bawa siku ya pili unakwambia zaidi ni nani alianguliwa asubuhi na nani usiku. Kifaranga aliyetangulia kwa saa kumi na mbili ana manyoya marefu zaidi, awe dume au jike. Tisa kwa watano uliowapata ni mgawanyo wa saa za kuanguliwa na wa tabia ya kila kuku. Futa kabisa hesabu hiyo kichwani.

Basi uangalie nini? Upanga, na hapo jicho lako limeshaanza kukuonyesha vizuri. Ameraucana ana upanga wa aina ya njegere: mdogo, umelala karibu na fuvu, wenye safu tatu za vinundu. Hauchomozi kama upanga wa msumeno wa kuku wengi, ndiyo maana uzao huu huwasumbua hata wafugaji wazoefu. Vile vinyama vinavyoning'inia chini ya mdomo ndio usivitegemee, kwa sababu kwa uzao huu ni vidogo mno au havipo, na vimefichwa na ndevu.

Fanya hivi. Asubuhi yenye mwanga wa kutosha, mshike kifaranga kiganjani, rudisha vinyoya vya paji la uso kwa kidole gumba, utazame upanga kutoka juu, si kutoka pembeni. Pora wa wiki sita hadi nane huwa na safu tatu zinazoonekana wazi, upanga mpana, na rangi imeshaingia waridi kuelekea nyekundu. Mtetea wa umri huo huwa na mstari mmoja mwembamba wa katikati, safu za pembeni hazijaonekana au ni kama kivuli, na rangi yake ni ya manjano iliyofifia, karibu na rangi ya mdomo. Linganisha walioanguliwa pamoja, na ikiwezekana wenye rangi moja, kwa sababu upanga wa kifaranga mweusi huwa na weusi unaoweza kukudanganya.

Tazama na mgongo. Wiki ya nne na ya tano mapora wengi huwa bado wana sehemu tupu mgongoni na mabegani, na mkia wao ni mfupi. Majike wa umri huo huwa wameshavaa vizuri na mkia umeanza kusimama. Miguu ya mapora ni minene. Hizi ni dalili za kuongezea tu, usizifanye hukumu. Hukumu inakuja kuanzia wiki ya kumi hadi ya kumi na mbili, pale kiunoni, karibu na mkia, yanapoanza kuchomoza manyoya membamba, marefu, yenye ncha kali na yanayong'aa. Jike hana hayo. Ya kwake yana ncha ya duara. Ukiona hata unyoya mmoja wa ncha kali na mng'ao kiunoni, huyo ni dume. Kuwika nako ni dalili, ingawa mapora wengine huchelewa kuwika wakiwa chini ya jogoo mkubwa.

Kwa hiyo hao wawili wako wa wiki tano wenye upanga uliowatangulia wenzao kwa wekundu, mimi ningeandika daftarini "pora, karibu hakika", kisha ningewatazama tena wiki ya nane. Wasio na upanga mwekundu usiwatangaze majike bado. Usiuze kifaranga wa uzao huu kwa ahadi ya jinsia kabla ya wiki ya kumi na mbili. Mnunuzi akiondoka na tetea akaamka na jogoo, hatarudi.

Kuna watakaokushauri umgeuze kifaranga na kumbonyeza chini umwangalie ndani ya tundu. Ujuzi huo upo, ulikuzwa Japani tangu miaka ya 1920, na wanaoufanya kwa kazi hujifunza kwa muda mrefu kwa kushika maelfu ya vifaranga. Anayejaribu nyumbani humkamua kifaranga hadi utumbo ukatoka au akamjeruhi kwa ndani. Usifanye, na usikubali jirani akufanyie. Ukihitaji jibu la hakika mapema, kwa mfano umeagiziwa jike wa uzao kwa bei kubwa, kuna vipimo vya DNA vinavyosoma kama kuku ana W au hana. Daktari wa mifugo anaweza kukueleza sampuli inachukuliwaje: tone la damu au unyoya uliong'olewa na mzizi wake. Kwa kuku wa kawaida wa nyumbani gharama hiyo haina maana, wiki sita za subira zinatosha.

Kwa msomaji mwingine mwenye Ameraucana wa rangi ya ngano, mambo ni mepesi zaidi. Rangi hiyo ni ya wale ambao dume na jike wazima hawafanani kabisa: jogoo ana kifua cheusi, tetea ni wa rangi ya ngano mwili mzima. Vifaranga huanguliwa wote rangi ya malai, lakini wiki ya tatu au ya nne mapora huanza kutoa manyoya meusi kifuani wakati dada zao wanatoa ya hudhurungi nyepesi. Weusi, buluu na lavenda hawana msaada huo, kwa sababu weusi umefunika mwili wote wa dume na wa jike.

Tuje kwenye kundi la buluu, kwa kuwa naona ndiyo ndoto yako. Buluu ni weusi uliopunguzwa makali. Kuku akiwa na nakala moja ya jeni ya buluu, weusi wake unafifia kuwa buluu ya kijivu. Akiwa na nakala mbili, weusi unafifia mno hadi anabaki mweupe mwenye vidoa na matone ya kijivu. Wafugaji humwita splashi. Asipokuwa na nakala hata moja ni mweusi. Ndiyo hesabu ileile iliyowafanya kuku wa Andalusian waingie kwenye mafunzo ya urithi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wanasayansi Bateson na Punnett walipoieleza. Maana yake kwako ni nzito kidogo: kuku wa buluu hawezi kamwe kuzaa buluu tupu na mwenzake wa buluu. Buluu kwa buluu, tarajia robo weusi, nusu buluu, robo splashi, kizazi baada ya kizazi, hata ukichagua kwa miaka ishirini. Buluu kwa mweusi ni nusu kwa nusu.

Tupime banda lako. Ikiwa kila tetea alichangia mayai sawa, ungetarajia asilimia 40 weusi, 50 buluu na 10 splashi. Kwa vifaranga 14 ni kama sita, saba na mmoja. Umepata saba, watano, wawili. Hakuna kilichoharibika, huo ni mchezo wa kawaida wa bahati. Lakini tazama wale wawili wa vidoa, maana wanakwambia jambo ambalo hukuliandika popote. Splashi anahitaji nakala moja kwa baba na moja kwa mama. Matetea wako weusi hawana ya kutoa, na wa lavenda pia hana kama lavenda yake imejengwa juu ya weusi, kama ilivyo kawaida. Kwa hiyo hao wawili wametoka kwenye mayai ya matetea wa buluu, bila shaka yoyote. Shika hilo, tutalirudia.

Kwa nini hukupata lavenda? Lavenda ni jeni nyingine kabisa, hata kama kwa mbali rangi zinafanana. Buluu hufifisha weusi, na ukimtazama jogoo wa buluu utaona shingo na kiuno vimekolea zaidi ya kifua, na kila unyoya una ukingo wa giza. Lavenda hufifisha weusi na wekundu pia, kwa sababu chembe za rangi hazisambazwi vizuri ndani ya unyoya, na matokeo yake ni rangi moja sawasawa kuanzia shingo hadi mkia, jogoo kwa tetea. Na lavenda hujificha: kuku lazima apate nakala mbili ndipo ionekane. Jogoo wako inaelekea hana, kwa hiyo kila mtoto wa tetea yule amebeba nakala moja iliyolala. Kwa macho ni mweusi au buluu wa kawaida. Baadhi ya vifaranga wako wana lavenda ndani na huwezi kuwatofautisha na wengine, kwa sababu mayai yalichanganywa.

Ili uipate, mtenge tetea huyo, uweke alama ya penseli laini kwenye kila yai lake, na vifaranga wake uwavishe pete yao peke yao. Kisha dume mweusi aliyebeba lavenda ukimrudisha kwa tetea wa lavenda atakupa nusu lavenda, nusu weusi wanaoibeba. Nasema mweusi makusudi. Usitumie wa buluu, kwa sababu buluu na lavenda zikikutana kwa kuku mmoja unapata kuku aliyepauka usiyeweza kumsoma, na kazi ya miaka miwili inavurugika. Kurudisha mtoto kwa mama ni ndoa ya karibu mno. Mara moja kwa lengo maalumu wafugaji hufanya, lakini kama unaweza kupata jogoo wa lavenda au mweusi anayeibeba kutoka ukoo mwingine, chukua huyo. Na usiendelee lavenda kwa lavenda kwa vizazi vingi. Koo nyingi za lavenda zina manyoya dhaifu yanayochanika, hasa mkiani kwa majogoo, na dawa yake ni kurudi mara kwa mara kwa mweusi mwenye manyoya mazuri.

Unapobadilisha jogoo kwa tetea yeyote, kumbuka kuwa tetea hutunza mbegu ndani ya mwili wake na anaweza kuendelea kutaga mayai yenye mbegu ya jogoo wa zamani kwa wiki mbili hadi tatu. Mimi husubiri wiki nne kamili kabla ya kuweka yai la kwanza kwenye mashine. Mayai ya wiki hizo yaleni.

Katika kuchagua wazazi, anza na kuhakikisha ulichonacho ni Ameraucana kweli. Uzao huu ulitengenezwa Marekani kutokana na kuku wa mayai ya buluu wenye asili ya Chile, na American Poultry Association, chama cha wafugaji wa kuku cha huko, iliutambua mwaka 1984. Una upanga wa njegere, ndevu na manyoya ya mashavuni, mkia kamili, na miguu ya kijivu-buluu kama kibao cha zamani cha kuandikia. Wengi huuziwa chotara kwa jina hilo. Miguu ikiwa ya kijani au ya manjano, hesabu zote nilizokupa hapo juu zinaweza kukugeuka, maana hujui ni jeni gani zimejificha chini ya rangi unayoiona.

Kisha wachunguze majogoo kuliko matetea. Chini ya weusi wa kila kuku kuna rangi nyingine iliyofunikwa, ama dhahabu ama fedha, na mfuniko ukiwa dhaifu huvujia kwanza kwa majogoo: manyoya mekundu mabegani, au rangi ya majani makavu shingoni. Tetea anaweza kuwa safi kabisa na ndugu yake wa kiume akawa na mabaka mabegani, nao wamebeba kitu kilekile. Ndiyo sababu nakushauri usiwaondoe mapora mapema mno. Wafuge hadi miezi mitano au sita, manyoya ya utu uzima yatoke, uone ni mama gani wanaozaa wenye kuvuja. Ukiwachinja wiki ya nane umejinyima taarifa za dada zao.

Utahitaji mtu wa kushika kuku kwa mikono katika mambo mawili. La kwanza, ukifikia kuchagua jogoo wa kuendeleza ukoo, mtafute mfugaji mzoefu au mwamuzi wa maonyesho amtazame nje, juani. Picha ya simu hudanganya sana rangi ya buluu. La pili ni la daktari: tetea mzima aliyekuwa akitaga, akiacha ghafla, akaanza kuwika na kuota manyoya ya jogoo, usiseme ulikosea jinsia tangu mwanzo. Kuku jike hutumia ovari moja tu, ya kushoto, na ikiugua au ikiharibika mwili unaweza kuanza kuvaa sura ya dume. Huyo ni mgonjwa, apelekwe.

Sasa lile la splashi. Unaniuliza kama uwatoe wale wawili wenye upanga mwekundu. Wa kijivu amua upendavyo akifika miezi sita. Yule mweupe mwenye vidoa usimguse. Ana nakala mbili za buluu, kwa hiyo kila mtoto wake atapata moja, hakuna namna nyingine. Akiwekwa na tetea mweusi, vifaranga wote ni buluu, si nusu, wote, madume kwa majike. Na kwa kuwa tumeshajua mama yake ni mmoja wa matetea wa buluu, wale matetea wako wawili weusi si mama zake. Akithibitika kuwa pora wiki ya kumi na mbili, mlee vizuri. Akifika miezi sita mtenge na weusi hao wawili, jogoo wa sasa abaki upande wa pili, uhesabu wiki nne, ndipo uanze kukusanya mayai.